Hatukuichagua Windows

Huku Njombe, ukigusia tu habari ya kampuni moja, Microsoft, kuhodhi soko la mifumo endeshi ya kompyuta, majibu huja matatu kwa mfululizo. La kwanza: hayo ni mashauri ya matajiri wa Marekani na Ulaya, sisi wa viazi, mbao na parachichi hayatuhusu. La pili: Windows tunaipata bure, fundi anachomeka flashi, anapiga Windows, unamlipa ujira wake, unaondoka. La tatu ndilo husemwa kwa kujiamini zaidi: Linux haijakatazwa na mtu. Ipo, haina bei, anayeitaka aiweke. Kama watu hawaiweki, basi wamechagua.

Majibu haya nimeyasikia kwa mafundi wa Makambako, na Njombe mjini kwa walimu na watumishi wa halmashauri. Wanaoyasema si wajinga, wala hawana nia mbaya. Lakini yote matatu yanategemea kisa kisichotokea, kwamba wanunuzi wa kompyuta duniani waliwahi kuwekewa mifumo miwili mezani, wakaipima, wakachukua mmoja. Siku hiyo haikuwahi kufika. Wapo waliojaribu kuileta wakazuiwa kwa mikataba, na ushahidi wake umo kwenye majalada ya mahakama.

Ukibonyeza kitufe cha kuwashia kompyuta, kabla hujaona chochote cha maana kwenye kioo, kuna programu ndogo inayoamua mfumo upi upakiwe. Diski moja inaweza kubeba mifumo miwili bila ugomvi, na programu hiyo ya uwashaji ikakuonyesha orodha: huu au ule. Kwa mtu mgeni hakuna njia salama kuliko hiyo, kwa sababu hatakiwi kuacha alichonacho. Mwenye steshenari anabaki na Windows kwa ajili ya programu yake ya hesabu, na akipata nafasi anajaribu mfumo mwingine kwenye mashine ileile. Ukimshinda, anazima na kurudi alikotoka. Kampuni inayotaka kulinda himaya yake haina haja ya kuzuia Linux isitengenezwe. Inamtosha mwenye himaya kuhakikisha orodha ile haionekani.

Wakazi wa Makambako wanaweza kulielewa hili haraka, maana mji wao umekua juu ya njia panda. Anayetoka Iringa akifika pale, mbele ni Mbeya, kushoto ni Njombe na Songea. Mtu akikifunika kibao cha Songea, kisha akahesabu magari yaliyokwenda Mbeya na kutangaza kwamba wasafiri wameichagua Mbeya, hakuna dereva atakayemsikiliza.

Kibao kilifunikwa kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na kampuni iitwayo Be, iliyoanzishwa na Jean-Louis Gassée, mkuu wa zamani katika Apple. Mfumo wake, BeOS, ulikuwa mwepesi na hodari hasa kwenye sauti na video. Gassée hakuomba Windows iondolewe. Alichoomba ni kukaa pembeni yake. Alifika mahali pa kuwaambia watengenezaji wa kompyuta kwamba atawapa BeOS bila malipo, mradi tu mnunuzi auone mfumo huo anapowasha mashine. Hitachi ya Japani ilikubali kuuza kompyuta zenye mifumo yote miwili. Mashine zilipotoka, BeOS ilikuwamo kwenye diski lakini haikuonekana popote. Mnunuzi aliyetaka kuitumia alipaswa kufuata maelekezo na kuifungulia mlango mwenyewe. Sababu ilikuwa leseni ya Windows ambayo watengenezaji walitia saini: haikuruhusu mfululizo wa uwashaji kuguswa. Mwaka 2001 mali za Be ziliuzwa kwa Palm kwa dola milioni 11. Februari 2002 kampuni hiyo, ikiwa imebaki gofu, iliishtaki Microsoft, na Septemba 2003 Microsoft ikalipa dola milioni 23.25 kumaliza shauri bila kukiri kosa. Nani kati yetu aliikataa BeOS? Hakuna aliyeiona.

Wala huo haukuwa mwanzo. Kabla ya makubaliano na serikali ya Marekani ya mwaka 1994, Microsoft iliwatoza watengenezaji kwa kila kompyuta waliyouza, hata ile isiyokuwa na programu yake ndani. Mtengenezaji aliyeweka mfumo wa mshindani alikuwa analipa mara mbili kwa mashine moja. Kwa hesabu hiyo, mfumo wa bei nafuu unageuka ghali bila ubora wake kupungua hata chembe. Katika toleo la majaribio la Windows 3.1 kulikuwa na msimbo ulioutambua mfumo wa mshindani uitwao DR-DOS na kumtolea mtumiaji ujumbe wa hitilafu, ajione kwamba mfumo wake ndio mbovu. Kampuni ya Caldera, iliyorithi DR-DOS, ilishtaki mwaka 1996 na kulipwa Januari 2000.

Kesi kubwa ya serikali ya Marekani, iliyofunguliwa Mei 1998, hukumbukwa zaidi kwa ugomvi wa vivinjari vya intaneti. Ndani yake, hata hivyo, kuna jambo linalotugusa zaidi. Juni 2001 mahakama ya rufaa ilitengua amri ya kuigawa Microsoft vipande viwili, lakini ilithibitisha kwamba kampuni hiyo ililinda ukiritimba wake kinyume cha sheria, na masharti ya kuwazuia watengenezaji kubadili mfululizo wa uwashaji yalikuwa miongoni mwa makosa yenyewe. Hukumu ya mwisho ya Novemba 2002 ikaandika bayana kwamba mtengenezaji asizuiwe kumpa mnunuzi nafasi ya kuwasha mfumo mwingine kabla Windows haijaanza. Hebu tafakari. Kama watu walikuwa wamechagua kwa hiari yao, mahakama ingeandika kifungu hicho kwa sababu gani?

Hukumu ile iliisha muda wake Mei 2011. Miezi michache baadaye, Septemba mwaka huohuo, ikajulikana kwamba kompyuta zitakazobeba nembo ya Windows 8 zitatakiwa kuwa na Secure Boot, utaratibu unaokagua saini ya programu ya uwashaji kabla ya kuiruhusu. Programu isiyo na saini inayotambuliwa haiwashwi. Na ufunguo unaotambuliwa na karibu kila mashine sokoni ni wa Microsoft.

Hapa wapinzani wangu wana hoja ambayo sitaidharau. Wanasema kirusi kinachojificha kwenye uwashaji ni hatari kuliko vyote, kwa kuwa huamka kabla ya ulinzi wowote. Ni kweli. BlackLotus, kilichochunguzwa mwaka 2023, kilikuwa kirusi cha namna hiyo. Kukagua saini ni jambo jema. Tatizo langu ni mshika ufunguo. Wanaotengeneza Ubuntu, Fedora na mifumo mingine ya Linux wanalazimika kupeleka programu yao ya uwashaji kwa mshindani wao mkuu ili aitie saini. Kwa kompyuta za kawaida, masharti ya Windows 8 yalitaka mwenye mashine aweze kuuzima ukaguzi huo. Kwa zile zenye prosesa za ARM yalikataza. Ilipokuja Windows 10 mwaka 2015, sharti la kuacha swichi ya kuzimia likaondolewa, mtengenezaji akaachiwa aamue. Kila hatua ina maelezo ya kiusalama, na kila hatua inapunguza mamlaka ya mwenye mashine juu ya mashine yake.

Agosti 2024 tuliona matokeo. Sasisho la Windows lilitumwa kuziba pengo la usalama, na Microsoft ilikuwa imesema halitagusa kompyuta zenye mifumo miwili. Likazigusa. Watu walioamka asubuhi na kutaka kuwasha Linux walikutana na maandishi kwamba kuna jambo limeharibika vibaya, kisha mashine ikazima. Marekebisho kamili yalitolewa Mei 2025, karibu miezi tisa baadaye. Sisemi ilifanywa kwa makusudi, na sina haja ya kusema hivyo. Inatosha kwamba kosa la kampuni moja lilifunga mlango wa bidhaa ya mshindani wake, na aliyetakiwa kuufungua tena ni kampuni ileile, kwa wakati wake.

Fundi yeyote wa Njombe ameona toleo dogo la jambo hili mezani kwake. Ukiweka Ubuntu kwenye mashine yenye Windows, inakuuliza kama unataka kuiweka pembeni, na orodha yake ya uwashaji inaitaja Windows. Ukipiga Windows kwenye mashine yenye Linux, Windows inakaa mbele na kuendelea kana kwamba hakuna mwenzake. Mteja anarudi akilalamika kwamba "ile nyingine imefutika", kumbe ipo, haitajwi tu. Siku hizi kumeongezeka jingine: laptopu za Windows 11 zinazofungwa diski kwa maandishi ya siri bila mwenyewe kujua, ukigusa mpangilio wa uwashaji zinadai ufunguo wa urejeshaji ambao mteja hajawahi kuusikia. Fundi aliyewahi kupoteza picha za harusi ya mtu kwa namna hiyo hatarudia kushauri mifumo miwili, naye simlaumu. Ila woga wake usihesabiwe kuwa kura ya kuipenda Windows.

Sasa tuje kwenye hilo la bure, ambalo naliona ndilo kosa letu kubwa. Wengi hudhani nakala ya wizi ni pigo kwa Microsoft, kwamba sisi wa pembeni tumeukwepa ukiritimba. Mwaka 1998, akizungumza na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington, Bill Gates alieleza mawazo yake waziwazi kuhusu China: watu hawalipi programu, lakini maadamu wanaiba, ni bora waibe za kwetu, maana watazizoea, na baadaye tutapata namna ya kukusanya. Kampuni haikuwa inalala njaa kwa sababu ya flashi za Makambako. Nakala ya wizi inamnyima mapato kidogo mwenye Windows, ambaye anaweza kusubiri. Inamnyima kila kitu mshindani ambaye silaha yake pekee ilikuwa bei. Linux ni bure kihalali, lakini ikishindanishwa na Windows iliyo bure kwa magendo, faida yake inafutika.

Na bure hiyo ina gharama. Programu ya kuihalalisha Windows kwa ujanja inataka kwanza uzime kinga ya virusi. Fundi anajua, mteja hajui. Masasisho yanafungwa ili yasile bando wala yasiigundue nakala. Kisha mashine hiyo inapokea flashi za mitihani ya shule, barua za kijiji na michoro ya wakandarasi. Flashi moja inazunguka steshenari tatu kabla ya jua kutua. Halafu kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda muziki na vitabu. Mwenye duka la kuchapa aliyeweka mashine tano za namna hiyo yuko hatarini kisheria kila siku, kwa ajili ya bidhaa ambayo mbadala wake halali ungeweza kumfanyia sehemu kubwa ya kazi.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma. Windows 11 inataka kijenzi cha usalama cha TPM 2.0, na upande wa Intel inataka kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Laptopu za mtumba tunazonunua huku, zile Latitude, EliteBook na ThinkPad zilizomaliza kazi kwenye ofisi za Ulaya, nyingi ni za vizazi vya chini ya hapo. Ni mashine nzima, zina miaka ya kazi mbele yake. Ofisi inayotaka kubaki salama kwenye Windows 10 imetangaziwa dola 61 kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza wa nyongeza, na bei inapanda maradufu kila mwaka unaofuata. Linux Mint inakaa kwenye mashine hiyohiyo yenye kumbukumbu ya GB 4, inapata masasisho, na haidai leseni. Huku ndiko kukusanya alikokusema Gates, ingawa si kwa fedha taslimu tu. Mnunuzi wa mtumba wa Makambako anaambiwa mashine yake imekufa, na anaamini, kwa sababu hajawahi kuonyeshwa njia ya pili.

Kuna wanaosema Afrika haikuwahi kujaribu. Imejaribu. Mwaka 2007 Nigeria iliagiza laptopu 17,000 za shule zenye mfumo wa Mandriva wa Linux. François Bancilhon, aliyekuwa mkuu wa Mandriva, alimwandikia Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft wakati huo, barua ya wazi Oktoba mwaka huo baada ya kuambiwa kwamba mashine zitafika na Mandriva kama zilivyoagizwa, kisha zibadilishwe kuwa Windows. Ikajulikana kwamba Microsoft ilikuwa na mpango wa kumlipa mkandarasi dola 400,000 kwa kile kilichoitwa shughuli za masoko. Chombo cha serikali kilichotoa fedha kikasisitiza kwamba kinataka Mandriva. Yaani mzabuni alikwisha kushinda, bidhaa imekwisha kuagizwa, na bado fedha zikatafuta njia ya kuiondoa.

Na hapa nyumbani tulikuwa na mradi wa Kilinux. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, na kwa msaada wa Sida, shirika la misaada la nchi hiyo, kiliitafsiri programu ya ofisi ya OpenOffice kwa Kiswahili, na Desemba 2004 ikatoka Jambo OpenOffice, bure kwa yeyote. Wataalamu wetu walikaa kutunga istilahi, wakamaliza kazi ambayo soko lilikuwa halijaona haja ya kuifanya kwa wasemaji wa Kiswahili. Microsoft nayo ilitoa kifurushi chake cha Kiswahili katika kipindi hichohicho, na ninaamini ushindani ndio uliisukuma. Mradi wa wafadhili ukaisha, na hakuna wizara iliyosema shule zetu zitatumia kazi hii. Miaka ileile Ubuntu ilikuwa ikituma diski zake kwa posta bila malipo hadi mlangoni, huduma iliyoendelea mpaka 2011. Bidhaa zilikuwapo, kwa Kiswahili na kwa bei ya sifuri. Kilichokosekana ni mnunuzi mkubwa mwenye msimamo, na mnunuzi mkubwa wa kompyuta katika mkoa kama wetu ni serikali.

Nakubali kwamba Linux haimalizi kila kazi. Zipo printa za bei rahisi ambazo haziitambui, zipo programu za uhasibu kama Tally ambazo zimezoeleka kwenye Windows, na mtu aliyejenga maisha yake juu ya faili ngumu za Excel atasumbuka. Hiyo ndiyo sababu nasimama kwenye mifumo miwili, sishabikii kufuta mmoja. Lakini tazama kazi za kila siku za halmashauri na shule: manunuzi kwenye mfumo wa NeST na usajili wa wanafunzi kwenye mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani hufanyika ndani ya kivinjari, na Firefox haijali imekaa juu ya mfumo gani. Barua, jedwali la matokeo na mtihani wa muhula vinaandikika kwenye LibreOffice, mrithi wa OpenOffice. Kijana anayemaliza kozi fupi ya kompyuta Njombe hupewa cheti kilichoorodhesha Word, Excel, PowerPoint, Access na Publisher. Bidhaa tano za kampuni moja zimeitwa elimu ya kompyuta, halafu tunasema kijana huyo amechagua.

Wanaosema haya ni mashauri ya mbali wakumbuke kwamba sheria tunayo wenyewe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza matumizi mabaya ya nguvu ya soko, na ilipotungwa iliweka asilimia 35 ya soko kuwa kipimo cha kuanzia kumhesabu mtu kuwa na nafasi hiyo. Tume ya Ushindani imeshawahi kuitumia. Serengeti Breweries iliilalamikia Tanzania Breweries (TBL) kuhusu mikataba na wenye baa iliyoacha kuta na matangazo kuwa ya kampuni moja, na mwaka 2010 Tume ikaamua dhidi ya TBL, ingawa TBL ilipinga uamuzi huo. Kiini cha malalamiko yale hakikuwa ladha ya bia. Kilikuwa haki ya mnywaji kuona kwamba bia nyingine ipo. Sioni kwa nini kanuni inayomlinda mnywaji wa Makambako isimlinde mwalimu wa Makambako anayenunua laptopu mpya dukani na kukuta mfumo mmoja, bei yake imefichwa ndani ya bei ya mashine, na ufunguo wa uwashaji uko mikononi mwa asiyemfahamu.

Kwa hiyo nawageukia wanaoweza kutenda. Maofisa manunuzi wa halmashauri za Njombe na Makambako: andikeni kwenye zabuni kazi inayotakiwa, si jina la bidhaa, na mtake kila kompyuta iweze kuwashwa kwa mfumo wowote mtakaouchagua ninyi, funguo zake zikabidhiwe kwenu. Tume ya Ushindani: itisheni mikataba ya waagizaji wakubwa wa kompyuta nchini, muisome kama mlivyosoma ile ya bia. Wakuu wa shule: anzeni na maabara moja, mifumo miwili, wanafunzi waikute yote. Nanyi mafundi, ambao mko karibu na wananchi kuliko waziri yeyote wa teknolojia: mteja akileta mashine iliyokataliwa na Windows 11, kabla hujamwambia akanunue nyingine, ihifadhi data yake, iweke Mint pembeni, umwonyeshe orodha ya uwashaji na umwache achague. Itakuwa mara yake ya kwanza.